Kalamu Iliyobaki: Siku Saba Katika Monasteri za Jangwa la Misri

Siku ya kwanza

Simu yangu nimeiacha Kairo kwa rafiki, pamoja na saa ya mkononi na funguo za nyumba, na nimebaki na begi moja lenye nguo, daftari hili na kalamu moja ya wino wa buluu. Naandika haya mapema ili nisije nikajidanganya baadaye: niliposhuka ngazi za nyumba ya rafiki huyo asubuhi nilijiona mwepesi, tena nilijiona mwema, na sikuweza kutambua ipi kati ya hisia hizo mbili ilitangulia.

Nimekuja na swali moja. Kuiacha dunia kuna maana gani hasa kwa mtu anayemtafuta Mungu? Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, nayo hayalingani. Anayejinyima anakijua vizuri anachokikosa, na pengine anakihesabu kila siku. Anayeipa dunia kisogo ameondoka, lakini kisogo hakina macho, kwa hiyo hatujui uso wake umeelekea wapi. Mwenye zuhudi, kama nilivyofundishwa neno hilo, ni yule ambaye kitu kimetoka moyoni mwake hata kama bado kimo mkononi mwake. Na mtawa amewekwa kando kabisa, ana nadhiri, ana vazi na ana jina jipya. Nimeona ni busara kuanzia kwa watawa, kwa kuwa wao wamelifanya swali hili kuwa kazi ya maisha yao yote.

Barabara ya kutoka Kairo inakwenda mashariki hadi Ain Sukhna, kisha inafuata pwani ya Bahari ya Shamu kuelekea kusini mpaka Zafarana, ndipo inapoiacha bahari na kuingia bara katikati ya milima isiyo na hata jani. Tumefika kwenye Monasteri ya Mtakatifu Antoni jua likizama. Kuta zake ndefu zimejengwa chini ya mlima kandokando ya chemchemi, na ndani yake mna miti. Nimepewa chumba chenye kitanda, meza na taa.

Siku ya pili

Kengele imelia kabla ya alfajiri. Nimesimama nyuma ya kanisa nikisikiliza sifa za usiku wa manane, ambazo watawa wa Kikopti, yaani wa kanisa la kale la Wakristo wa Misri, huziimba kwa muda mrefu bila haraka yoyote. Sikuelewa maneno mengi. Nilielewa tu kwamba hakuna aliyekuwa akiimba ili asikilizwe.

Mchana nimekaa na habari za Antoni mwenyewe, anayeitwa baba wa watawa, kama Askofu Atanasi wa Aleksandria alivyoziandika muda mfupi baada ya kifo chake mwaka 356. Antoni alizaliwa Misri ya Juu mnamo mwaka 251, katika familia ya Kikristo yenye mali. Wazazi wake walikufa akiwa na umri wa miaka kama 18 au 20, wakamwachia shamba la arura 300, yaani hekta zipatazo 80 za ardhi nzuri, na dada mdogo wa kulea. Miezi sita hivi baadaye aliingia kanisani, akasikia ikisomwa Injili ya Mathayo ambamo Yesu anamwambia kijana tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Antoni akayachukua maneno hayo kana kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Aliwapa wanakijiji lile shamba, akauza vitu vilivyobaki na kuwagawia maskini fedha, ila akaweka akiba ndogo kwa ajili ya dada yake. Aliporudi kanisani akasikia neno lingine, kwamba mtu asiisumbukie kesho. Ile akiba nayo ikatoka, na dada akakabidhiwa kwa jumuiya ya mabikira ili alelewe nao.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapoisoma habari hii. Dada huyo hatajwi jina. Haielezwi kama aliulizwa. Kila mtu anayeiacha dunia anaacha pia watu, na gharama ya kuacha kwake hulipwa kwa sehemu na wale waliobaki. Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Buddha, kwa mujibu wa mapokeo ya Wabuddha aliondoka usiku akiwa na miaka 29, akimwacha mkewe Yasodhara na mtoto mchanga Rahula. Sheria za kale za Wahindu zilijaribu kulitatua jambo hili kwa kupanga wakati: mtu awe kwanza mwanafunzi, kisha mwenye nyumba, na aende msituni pale anapoona mvi kichwani na watoto wa watoto wake, wakati deni lake kwa jamaa limekwisha kulipwa. Mpango huo una huruma zaidi kwa akina dada wasiotajwa majina. Lakini unaniacha na wasiwasi mwingine, kwamba anayengoja mpaka nguvu zimwishe huenda anakiacha kile ambacho tayari kimemwacha.

Nilimweleza jambo hili la dada mtawa anayehudumia wageni, ambaye kama wenzake huitwa Abuna, yaani baba yetu. Hakunipinga. Alisema kwamba kwa mapokeo yao dada huyo alizeeka katika ubikira akawa kiongozi wa mabikira wengine, kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo yeye mwenyewe humwombea mama yake kila siku kwa sababu hiyohiyo.

Jioni nilisoma simulizi fupi iliyonikosesha raha. Ndugu mmoja aliyekuwa ameiacha dunia, lakini akajiwekea kidogo kwa matumizi yake, alikwenda kwa Antoni. Mzee akamwambia aende kijijini, anunue nyama, aufunike mwili wake mtupu kwa nyama hiyo na arudi hivyo hivyo. Njiani mbwa na ndege wakamshambulia, wakamrarua. Antoni akamwambia kwamba ndivyo mashetani wanavyowararua wale wanaoiacha dunia huku wakitaka kubaki na fedha. Nilifunga kitabu, nikaitazama kalamu yangu juu ya meza. Nikajiambia kwamba kalamu si fedha.

Siku ya tatu

Leo nimepanda hadi pangoni. Ngazi ni zaidi ya 1,000, na jua la asubuhi linakupiga mgongoni tangu hatua za mwanzo. Pango lenyewe ni ufa ndani ya mwamba: unaingia ubavu, mabega yakigusa kuta pande zote mbili, giza linakushika, kisha unashuka kidogo na kufika penye nafasi ndogo ambapo pana altare. Nilikuwa nimefikiri nitapata kimya humo. Nilikuta kundi la mahujaji, watoto wakilia, wazee wakibusu mwamba, na mtu mmoja nyuma yangu akihema kwa nguvu masikioni mwangu. Niliudhika, nikatoka upesi.

Nilikaa nje juu ya jiwe kwa muda mrefu, na hasira ilipotulia nikakumbuka kwamba hali hii ni ya zamani. Antoni alijifungia ndani ya ngome iliyoachwa kwa miaka karibu 20, hata marafiki wakauvunja mlango ili wamwone. Akaja huku mlimani kuwakimbia watu, watu wakamfuata. Wageni walipoanza kumletea mkate kwa taabu kuvuka jangwa, aliomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima kipande cha ardhi ili asiwe mzigo kwa mtu, kisha akapanda na mboga ili mgeni aliyechoka apate kitu cha kumtia nguvu. Mwanamume aliyegawa hekta 80 akawa tena mwenye shamba. Tofauti haikuwa katika udongo. Shamba la kwanza lilikuwa lake kwa urithi na lilimfanya awe mtu fulani kijijini, ilhali hili la pili lilikuwepo kwa ajili ya wengine, na sidhani kwamba angelitetea mbele ya yeyote ambaye angekuja kulidai.

Atanasi anaeleza pia jinsi Antoni alivyoonekana alipotoka katika ile ngome. Watu walitarajia kukuta mwili uliobomoka. Walimkuta vilevile walivyomjua, hakunenepa kwa kukosa mazoezi wala hakudhoofika kwa kufunga, na moyo wake haukusononeka wala kulegea kwa furaha. Hakufadhaishwa na umati, wala hakufurahia kusalimiwa na watu wengi namna ile. Nadhani aya hiyo ina uzito kuliko habari zote za mashetani waliompiga. Mimi nimetoka pangoni baada ya dakika kumi nikiwa nimekasirishwa na pumzi za mtu.

Siku ya nne

Safari ya kurudi Kairo na kupita moja kwa moja kwenda Wadi Natrun, kaskazini-magharibi, kando ya barabara ya jangwani iendayo Aleksandria. Siku nzima ndani ya gari, na hakuna la kuandika kuhusu njia yenyewe.

Nilitumia saa hizo kumfikiria Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, kwa sababu kuacha kwake kunanifundisha zaidi kuliko kwa wengine walioacha mali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya, chuo cha elimu ya dini cha Baghdad, mwenye sifa kubwa kuliko mwanachuoni yeyote wa mji ule. Aliandika baadaye kwamba alipoichunguza nia yake katika kufundisha aliona kwamba haikuwa kwa ajili ya Mungu bali kwa ajili ya kutafuta cheo na jina. Kwa karibu miezi sita alisitasita, hata ulimi wake ukakataa kutoa neno mbele ya wanafunzi. Hatimaye akaigawa mali yake, akiacha kiasi cha kuwatunza watoto wake, akaenda Damasko. Alikiacha kitu ambacho hakuna mtu angemlaumu kwa kubaki nacho, yaani elimu ya dini. Na baada ya miaka 11 alirudi kufundisha, safari hii huko Nishapur, akieleza kwamba zamani alieneza elimu inayompatia mtu cheo, na sasa anaeneza ile inayomfanya mtu akiache. Kwa nje, mwalimu alirudi kuwa mwalimu.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nayo inagusa mahali hapohapo. Katika sura ya 18 shujaa Arjuna anauliza tofauti kati ya sannyasa na tyaga, maneno mawili ya kuacha, na Krishna, Mungu katika umbo la mtu, anajibu kwamba sannyasa ni kuacha matendo yanayosukumwa na tamaa, na tyaga ni kuyaacha matunda ya matendo yote. Katika sura ya 3 ilikwisha semwa kwamba mtu anayevizuia viungo vyake huku akikaa na kuvikumbuka moyoni vitu vya kutamaniwa ni mnafiki. Nilijaribu kujihesabia haki kwa maneno hayo: ikiwa la msingi ni moyo, mbona basi nijisumbue na mali? Lakini ni hila. Walio na nguvu ya kuwa na vitu bila kushikwa navyo ni wachache, na mara nyingi wanaojitangaza kuwa miongoni mwao hawajawahi kupoteza kitu cha maana.

Siku ya tano

Wadi Natrun ni bonde lililo chini ya usawa wa bahari, na jina lake linatokana na chumvi ya natroni, ambayo Wamisri wa kale waliitumia kukaushia maiti zao. Watawa walikuja mahali hapa kufa kabla ya kufa, na sidhani kwamba walikuwa hawajui habari ya chumvi hiyo. Makari, mmoja wa watawa wa kwanza wa bonde hili, alifika mnamo mwaka 330, na baada yake maelfu. Leo zimebaki monasteri nne za kale.

Mtawa wa Kikopti anapowekwa wakfu hulala chini mbele ya altare, akafunikwa kwa pazia, na kusomewa sala za maziko. Kisha huinuka na jina lingine. Nilimuuliza Abuna wa hapa, mzee mwenye mikono mikubwa ya mkulima, kama aliyekufa siku hiyo amewahi kurudi. Alicheka. “Kila asubuhi, mwanangu,” alisema. “Huja kuuliza kama kuna barua yake.”

Katika Monasteri ya Mtakatifu Makari nimesikia tena habari za Matta El Meskeen, ambaye jina lake la pili halihitaji kutafsiriwa kwa Mswahili. Alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, akaliuza na kuingia utawa mwaka 1948. Mwaka 1969, baada ya miaka kadhaa katika mapango ya Wadi el-Rayyan, aliletwa hapa pamoja na watawa 12 kuihuisha monasteri iliyobaki na wazee wachache kati ya magofu. Walijenga upya, wakalima jangwa, wakaweka kiwanda cha uchapaji. Mtu anaweza kushangaa kwamba aliyeiacha biashara ndogo aliishia kusimamia kazi kubwa kiasi hicho. Mimi sishangai tena kama ningeshangaa juzi.

Usiku, baada ya sala, mgeni mwenzangu aliniomba kalamu aandike majina ya wagonjwa wa kwao ili yaombewe altareni. Nilimpa. Hakuirudisha. Maneno haya nayaandika kwa penseli ya Abuna.

Siku ya sita

Sikulala vizuri, na sababu ni ile kalamu. Naona aibu kuliandika jambo hili, lakini daftari lisilosema kweli halina kazi. Niliamka nikipanga namna ya kumuuliza yule bwana bila kuonekana mchoyo. Wakati wa sifa za usiku nilikuwa nikimtafuta kwa macho kati ya vichwa vilivyoinama. Kulipokucha niliambiwa kwamba ameondoka na gari la mapema. Hasira iliyonipanda haikulingana kabisa na kitu chenyewe. Nilijisemea kwamba si kalamu, ni kanuni; kwamba mtu anayeazima hurudisha; kwamba nilikuwa nimeacha simu na saa, na hiki kimoja tu ndicho nilichojibakizia.

Yohane Kasiano, aliyeishi na watawa wa bonde hili mwishoni mwa karne ya 4 na kuandika mafundisho yao alipokuwa Gallia, yaani Ufaransa ya leo, anasema kwamba aliwaona watu walioacha utajiri mkubwa, dhahabu, fedha na mashamba, kisha wakachafuka moyo kwa sababu ya kisu kidogo, sindano au kalamu. Nimeapa kwamba sikubuni neno hilo la mwisho. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo zamani, nikaicheka.

Kasiano anamnukuu pia Abba Pafnusi, mmoja wa wazee wa jangwani, aliyefundisha kwamba kuna kuacha kwa namna tatu. Kwanza, mtu huacha mali na utajiri wa dunia. Pili, huacha mwenendo wake wa kale, maovu na mazoea ya roho na mwili. Tatu, huiondoa akili yake katika vyote vilivyopo na vinavyoonekana, ili atazame yajayo yasiyoonekana. Pafnusi anasisitiza kwamba ya kwanza haifai kitu peke yake, na kwa ushahidi anamleta Mtume Paulo, asemaye kwamba hata mtu akitoa mali zake zote kuwalisha maskini, kama hana upendo haimfaidii kitu. Nilichokipata mimi leo ni kwamba namna hizi hazipangwi kama ngazi za pangoni, kwamba ukimaliza moja unaanza nyingine. Ile ya kwanza ilinipa kiburi, na kiburi hicho kikakimbilia kwenye kitu kidogo kilichobaki na kukikalia kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba akajibanza kibandani, na huko alikuwa mkali kuliko alivyokuwa nyumbani.

Mchana ulikuwa mrefu. Wazee wa jangwani walimwogopa pepo wa adhuhuri, yule anayelifanya jua lisimame na chumba kionekane gereza. Nilifagia chumba mara mbili. Niliisoma aya ya sura ya 57 ya Kurani inayosema kwamba watu wasihuzunike kwa kilichowapotea wala wasifurahie kwa majivuno walichopewa, na nikaona kwamba nimevunja pande zote mbili ndani ya siku sita: nilijivunia nilichokiacha, nikahuzunikia nilichonyang'anywa.

Ndipo Abuna alipopita na kunikuta nimekaa mlangoni. Nilimweleza yote, nikitarajia anihurumie kidogo. Akanisimulia habari ya Makari, ambaye alirudi chumbani kwake akakuta mtu anampakia ngamia vitu vyake. Makari alijifanya mgeni, akamsaidia mwizi kupakia, akamsindikiza kwa utulivu huku akisema kwamba hatukuja na kitu duniani. “Na wewe,” aliuliza, “ulimsaidia kubeba?” Nilisema kwamba mimi nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. “Basi ulikuwa karibu sana,” akasema, akaenda zake kumwagilia.

Siku ya saba

Gari linakuja mchana. Asubuhi nimeitumia kumwaza Amma Sinkletika, mmoja wa wanawake waliokuwa walimu wa jangwani, aliyesema kwamba wako wengi wanaoishi mlimani huku mwenendo wao ni wa mjini, na kwamba mtu aweza kuwa mpweke moyoni akiwa kati ya umati, na mwingine akawa peke yake huku akiishi katika umati wa mawazo yake. Nilimwaza pia yule tabibu asiyetajwa jina, ambaye Antoni alifunuliwa kwamba yuko mjini na ni sawa naye: alichopata zaidi ya mahitaji yake aliwapa maskini, na kila siku aliimba pamoja na malaika. Habari zake zinaishia hapo. Hakuna pango lake la kupanda, na hatujui kama alikuwa na dada.

Narudi kwenye simu, saa na funguo. Nilidhani nitaviogopa, au nitavitamani. Kwa sasa ninachokihisi ni kwamba sivijui vizuri kama nilivyofikiri, na kwamba nitaanza kuvijua siku mtu atakaponiomba kimojawapo.

Kwenye chumba cha wageni, kabla ya kuondoka, Abuna alinisogezea daftari kubwa ambamo kila mgeni huandika jina lake na siku alizokaa. Kando yake palikuwa na kalamu ya wino wa buluu, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isipotee. Kifuniko chake kilikuwa na alama ya meno yangu. Pengine yule bwana aliiacha pale akiamini kwamba nitaipata, au mtu mwingine aliiokota akaifunga, sikuuliza. Niliandika jina langu nayo, nikaandika na majina ya wagonjwa wawili ninaowajua, nikairudisha kando ya daftari. Abuna alinibariki, nikambusu mkono. Nilipofika langoni niligeuka kuitazama, ingawa kutoka pale isingeweza kuonekana.